Likizo Ambayo Mabati Alilala Kwetu

Enzi zetu pale Turbo, mtoto aliyetaka samaki wa kufuga alimchora ukutani kwa makaa, akachapwa, kisha akamfuta. Siku hizi mambo ni rahisi. Mwanangu Baraka, kijana mdogo mwenye maoni kuhusu kila kitu, ana samaki ndani ya simu. Anawalisha kwa kidole akiwa amelala chali kwenye kochi. Juzi mmoja alikufa kwa njaa kwa sababu bando iliisha. Kabla sijasema pole, akabonyeza mahali fulani na samaki akafufuka, akaogelea kama aliyekuwa ametoka kidogo kununua mkate. Nikamwambia Baraka kwamba mimi nililinda samaki mmoja likizo nzima kwa jasho, machozi na maji ya mvua. Akanitazama kwa huruma, akauliza, "Kwani mum, hamkuwa na app?"

Hatukuwa na app. Tulikuwa na sweta za shule zilizotoboka viwiko, madaftari yaliyofunikwa kwa magazeti, na miguu iliyojua kila kidimbwi kati ya nyumbani na shuleni. Tulicheza mchezo wa kati hadi mpira wa karatasi za nailoni ukafumuka. Tuliruka bladda, ule mpira mrefu wa kuvutika, hadi sketi zikapasuka. Brikicho yetu ilikuwa na sheria moja tu, kwamba usijifiche ndani ya gunia la mahindi la mtu. Msimu wa mavuno malori yalipita barabara ya Webuye yakiwa yamejaa hadi juu, nasi tulikimbia nyuma tukiokota punje zilizodondoka, si kwa njaa, kwa raha tu. Sukari nguru ilipondwa kwa jiwe ikagawanywa, na aliyepata kipande kikubwa alikilamba mbele ya watu ili wengine wasikitake. Ukimweleza mtoto wa leo habari ya kulamba kitu ili kiwe chako, anakimbilia sanitaiza.

Baba alikuwa karani kwenye ghala la mahindi. Mama aliuza samaki sokoni: omena kwenye karai, ngege wa kukaanga, mbuta wa kukaushwa kwa moshi. Sisi ni watu wa ziwani tuliokuja kutafuta maisha huku kwenye mahindi, na soko zima lilimwita Mama yangu Mama Samaki. Nilimpenda sana Mama, lakini harufu aliyonipaka kila asubuhi akininyoosha kola sikuipenda. Shuleni niliitwa Omena. Aliyeanzisha jina hilo alikuwa Kibet, mvulana wa Chepsaita ambaye kwao walikuwa na trekta, na aliyeamini kwamba mtu mwenye trekta hawezi kukosea. Nilicheka pamoja nao, maana nilisikia kwamba ukikasirika jina linakwama. Nilicheka, na likakwama hivyo hivyo.

Ndipo Mabati akaja. Mwalimu Wafula, aliyetufundisha sayansi darasa la tano, alikuwa na rafiki aliyefanya kazi kwa familia moja ya Elgon View kule Eldoret, kwenye zile nyumba kubwa zenye miti mingi kuliko watu. Familia ile ilihama, ikagawa vitu. Huyu alipata kochi, yule akapata mapazia. Mwalimu Wafula alipata tangi la kioo lenye samaki mmoja. Alilileta shuleni nyuma ya pikapu, amelikumbatia, amelowa hadi kiunoni, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyetoka kupata mtoto wa kwanza.

Samaki mwenyewe alikuwa kambare, ila si kambare tuliyemzoea. Mwalimu alisema kwao ni Amerika Kusini, kwenye mito ya huko, na jina lake la kitaalamu lilikuwa refu hata akashindwa kulimaliza kabla ya ubao kuisha. Hakuwa na ngozi laini ya kuteleza kama mumi, yule kambare wa ziwani. Mgongo na mbavu zake zilifunikwa na vipande vigumu vya mfupa, kimoja kikilalia kingine, kama nyumba iliyoezekwa na fundi anayejua kazi. Rangi yake ilikuwa ya udongo wenye madoa. Mdomo ulikuwa chini ya kichwa, na aliutumia kujibandika kwenye kioo, akakaa hapo akilamba ukijani, akitukodolea jicho lisilo na haraka. Tulimpa jina siku hiyo hiyo, na hakuna aliyependekeza jina lingine.

Nyinyi mliosoma nasi mnakumbuka jinsi utoro ulivyopungua. Somo la historia lilifundishwa mbele huku darasa zima limegeuza shingo nyuma. Kila mtu aliapa kwamba Mabati anamtazama yeye. Kibet alidai amemwona akimkonyeza, ingawa samaki, kwa tulivyofundishwa, hana kope. Mwalimu Wafula aliutumia upendo wetu bila aibu. Alikuwa akisimama karibu na tangi na kusema, "Mabati amemaliza kuosha kioo chote tangu asubuhi. Na nyinyi mmefika namba ngapi?"

Shule ikakaribia kufungwa kwa likizo ya Agosti, na likaja swali la nani atakaa na Mabati. Mwalimu alikuwa anaenda kwao Bungoma, na tangi halibebeki ovyo. Mikono yote ilikwenda juu. Wengine walisimama juu ya madawati. Mwalimu akazunguka darasani akitafakari, kisha akanielekezea chaki.

"Achieng'," akasema. "Mama yake ni mtu wa samaki. Kwao wanajua mambo ya samaki kuliko sisi wote."

Kisha Kibet akauliza, kwa adabu kabisa, "Mwalimu, hiyo si ni kama kupeleka mbuzi akae likizo kwa buchari?"

Watu walianguka kwa kicheko. Mwalimu Wafula mwenyewe aligeukia ubao, na mabega yake yalikuwa yakitikisika. Lakini neno lake lilikuwa limetoka, na mwalimu wa wakati ule hakurudisha neno. Nikapewa Mabati kwenye ndoo, na maagizo: maji ya mvua, si ya mfereji, mahali pa joto, matango na ukijani wa mawe, asishtuliwe.

Tulipotoka nje Kibet alinisubiri getini na kundi lake. "Omena, siku ya kufungua tutamwona huyo na ugali kando," akasema. Nikamwambia atarudi mzima. Akasema akirudi mzima, hataniita Omena tena maishani. Na asiporudi, je? Basi ningeitwa Sahani hadi darasa la nane. Nikakubali mbele ya wote, kidevu juu, ndoo ikinimwagikia miguuni. Sikuwa nikitetea jina langu tu. Nilitaka wajue kwamba nyumba ya Mama Samaki si jiko tu, kwamba Mama yangu anaweza kukaa na kiumbe cha majini bila kukitia chumvi.

Mama alifunua ndoo, akaangalia ndani, akaniangalia mimi.

"Huyu ni wa kuuza ama wa kula?"

"Ni wa kukaa."

"Wa kukaa," akarudia. Alivuta kigoda akaketi, maana kicheko kilikuwa kinakuja na alitaka kukipokea vizuri. Alicheka hadi akajifuta machozi kwa aproni yenye magamba ya ngege. Kisha akasimama, akamwaga omena kutoka kwenye karai lake kubwa kuliko yote, akalisugua kwa majivu, akalisuuza mara nyingi, akanipa. "Sawa," akasema. "Kwa hii boma kutakuwa na samaki mmoja anayelala akijua ataamka."

Tulimweka jikoni. Jiko letu lilikuwa chumba cha udongo nyuma ya nyumba, chenye joto hata asubuhi zile za Agosti ambazo ukipumua unaona moshi. Nikawa mtumishi wa Mabati. Nilichota maji kwenye pipa la mvua. Nilizunguka mitaro na mabomba ya majirani nikitafuta mawe yenye ukijani, nikamletea kama mtu anayeleta mboga kutoka shambani. Wateja wa Mama walianza kusikia habari. "Mama Samaki, yule mkubwa wa karai unamfichia nani?" waliuliza sokoni. Mama alijibu kwamba yule anasoma, na asingependa asumbuliwe.

Kila kitu kilikwenda sawa mpaka Dani alipokuja.

Dani ni nyanya kwa lugha yetu, na huyu alikuwa mama mzazi wa Baba. Aliishi kwake ziwani, na alikuja bila taarifa, kwa sababu wakati huo taarifa ilikuwa ni wewe mwenyewe kuonekana mlangoni. Sasa, kwa desturi yetu, mama halali ndani ya nyumba ya mwanawe aliyeoa. Kwa hiyo Dani alipotutembelea alitandikiwa kitanda kule jikoni, kwenye joto, na alipapenda. Na kuna desturi nyingine ya upande wao. Mgeni wa heshima akitarajiwa, kambare huwekwa hai kwenye karai, mahali mgeni atakapomwona kwa macho yake, ajue kwamba hali samaki wa jana.

Kwa hiyo Dani alibeba mfuko wake jikoni, na hapo, kando ya kitanda chake, akakuta karai, na ndani ya karai kambare mzima.

Nilirudi na mawe yangu nikamkuta amesimama juu ya Mabati, ameshika kiuno, macho yamelowa. Mama alikuwa ndiyo kwanza anaingia kutoka sokoni. Siku hiyo alirudi mikono mitupu. Lori la kutoka Kisumu lilikuwa limeharibika njiani na hapakuwa na hata kichwa cha ngege. Mke wa mtu kumpokea mama mkwe bila samaki, na yeye ndiye Mama Samaki; alikuwa ameiona aibu hiyo tangu mlangoni.

"Nyar Uyoma," Dani akamwita. Ndivyo alivyomwita siku zote, binti wa Uyoma, kwa kutaja kwao. "Kumbe ulijua nakuja."

"Mama," Mama akaanza, "huyo samaki..."

"Usiseme kitu. Tangu mzee wangu aende, hakuna mtu ameniwekea samaki mzima. Kila nyumba wananipea za friji." Alijifuta macho kwa ncha ya leso. "Wewe umenikumbuka."

Nilivuta aproni ya Mama. "Mwambie, Mama."

"Nimwambie nini?" akaninong'oneza. "Kwamba mtoto amepewa samaki, na yeye amenyimwa?"

Ikabaki hivyo. Mama alikuwa amebanwa huku, mimi nimebanwa kule, na Mabati katikati anakula tango. Niliona lile geti la shule, nikamwona Kibet akitangaza jina langu jipya. Dani akasema Mama amechoka na soko, apumzike, yeye mwenyewe atamtengeneza. Akakunja mikono ya sweta yake hadi juu ya viwiko. Dani akikunja mikono ya sweta, mazungumzo yamekwisha.

Alitia mkono majini kumtoa Mabati. Mabati akajibandika chini ya karai. Dani akavuta. Karai likainuka. Akavuta tena kwa nguvu za mwanamke aliyevuta nyavu akiwa msichana, na karai lote likamfuata. Akaamua kulipindua. Maji yote yalimwagika sakafuni, mawe yangu yakaanguka, tango likaanguka, Mabati hakuanguka. Dani akalitikisa karai likiwa juu chini, mara kushoto, mara kulia. Baba alitokea mlangoni wakati huo kutoka kazini, akamwona mama yake mzazi akipigana na karai juu ya kichwa chake. Akakumbuka kwamba hakufunga ghala, akarudi zake barabarani.

Mwishowe Dani alimbandua kwa kupitisha kidole chini ya mdomo wake, akamlaza ubaoni, akachukua kisu. Nilishika gauni la Mama nikalisokota. Kisu kikagusa mgongo wa Mabati kikateleza, kikapiga ubao. Dani akakinoa kwenye jiwe, akajaribu ubavuni. Kikateleza tena. Akainama, akamgonga Mabati kwa kucha, akasikiliza. "Huyu wamemjenga," akasema. Akachukua kisu mara nyingine, na hapo Mabati akasimamisha mapezi yake yote, yale ya mbele yakaganda yamefunguka, akatoa mlio.

Ulikuwa mlio wa mlango wa duka usiotiwa mafuta. Kriii. Mwalimu alikuwa ametuambia kwamba wengine wa jamii yake hulia wakishikwa, kwa kusugua mifupa ya mapezi, lakini hakuna aliyekuwa amemwambia Dani. Kisu kilianguka. Dani alikuwa ametengeneza samaki maisha yake yote, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumjibu.

"Huyu ametoka wapi?" akauliza, polepole, bila kuondoa macho ubaoni.

Nikajibu mimi. "Ng'ambo, Dani. Amerika Kusini. Ni wa shule yetu. Amekuja tu kukaa likizo, halafu anarudi."

"Amevuka bahari?"

"Ndiyo, Dani."

"Na hapa kwenu analala wapi?"

"Hapa jikoni."

Dani aliangalia kitanda chake. Akaangalia karai. Alipima umbali kati ya hivyo viwili, na ulikuwa kama wa kunyoosha mkono. "Hapa ninapolala mimi."

"Ndiyo, Dani."

"Kwa hiyo huyu ni mgeni." Akamgeukia Mama, na sauti ikawa kali. "Nyar Uyoma, ulitaka mgeni akule mgeni mwenzake?"

"Hapana, Mama," Mama akasema, kwa unyenyekevu ambao hadi leo tukiukumbuka tunashika mbavu.

"Basi lete maji." Na Dani akashusha mikono ya sweta yake.

Sijawahi kumwona Mama akikimbia vile, si kabla ya hapo wala baadaye. Alikwenda kwenye pipa la mvua na kurudi na ndoo mbili, na nusu ya maji ilikuwa kwenye gauni lake. Mabati alirudishwa kwenye karai, akashuka hadi chini, akakaa kimya kidogo, kisha akajibandika akaanza kulamba. Nililia na kucheka kwa pamoja, na kwikwi ikanishika.

Mama alibaki amesimama na ndoo tupu. "Mama, ukweli ni kwamba sina samaki," akasema. "Lori imekwama. Sina hata omena ya kukupea."

"Na ungeniachia huyu wa mtoto?"

"Ningekuachia."

Dani akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili, ule mkono wenye makovu ya miiba ya samaki. Jioni ile mama mkwe alikula mayai na sukuma nyumbani kwa Mama Samaki, akaomba kuongezwa. Baba alirudi giza lilipoingia, akauliza kama kuna habari, akaambiwa hakuna.

Kuanzia hapo Dani na Mabati wakawa watu wa chumba kimoja. Asubuhi alitupa ripoti. "Mgeni mwenzangu hana adabu ya kula, anakwaruza karai hadi kunakucha. Lakini hakoromi, na mzee wangu alikuwa anakoroma." Alimkatia tango mwenyewe. Alinifundisha kupoza maji ya pipa kwa kivuli na kuyapasha kwa jua, akisema samaki hapendi kushtuliwa sawa na mzee. Alitakiwa akae siku chache, akakaa hadi likizo ikaisha, na Baba hakuthubutu kuuliza anarudi lini.

Siku ya kufungua shule Dani aliibeba ndoo yeye mwenyewe. Alivaa leso yake mpya. Getini walikuwepo wote, na Kibet mbele, amevaa viatu vipya vinavyong'aa. Tuliweka ndoo chini, nikafunua. Mabati alikuwa chini kabisa, amepauka kidogo kwa safari, hatikisi hata pezi. Kibet aliinama akaangalia kwa muda mrefu.

"Huyu amekufa," akasema. "Si nilisema?"

Minong'ono ikaanza. Niliangalia ndani na mimi, na kwa kweli sikuona kitu kikisogea. Nilisikia mtu nyuma akijaribu jina Sahani, taratibu, kama mtu anayejaribu kofia.

Dani hakuwa na wasiwasi. "Kijana, ni wewe wa trekta?" akamwuliza Kibet. "Shika ndoo. Mwaga."

"Nimwage, Mama?"

"Pindua kabisa."

Kibet akapindua. Maji yakashuka yote juu ya viatu vyake vipya, yakaingia ndani, na ndani ya ndoo iliyo juu chini, mbele ya darasa zima, Mabati akabaki amejibandika kama aliyelipia pale mahali. Kisha, kwa kuudhiwa, akalia. Kriii. Kelele tuliyoipiga iliwatoa walimu ofisini. Mwalimu Wafula alikuja mbio na bakuli la maji, tai begani, na alipomwona Mabati mzima alimwamkia Dani mara mbili kwa kuchanganyikiwa.

"Mama, mlimtunzaje?" akauliza.

"Tulilala naye," Dani akasema, kama jambo la kawaida.

Kibet alikuwa bado amesimama, viatu vinatoa maji kila akihamisha uzito. Alitazama ndoo, akamtazama Dani, akanitazama mimi. Najua ilimgharimu. "Karibu shule, Achieng'," akasema. Hakuwahi kuniita jina lile lingine tena, na kwa kuwa yeye ndiye aliyelianzisha, wengine nao waliliacha. Tangu siku hiyo nilimwacha Mama aninyooshe kola kwa muda wote aliotaka.

Dani alirudi ziwani, lakini hakumwacha mgeni mwenzake. Dereva wa lori la samaki akifika Turbo alishusha kwanza masanduku, kisha salamu. "Mama anauliza mwenzake wa jikoni anaendeleaje." Mimi nilipita kwenye tangi, nikaangalia, nikampa dereva jibu la kurudi nalo. Tulimaliza darasa la nane, wengine wakaingia darasa la tano, Mabati akawafundisha na wao, na salamu zikaendelea.

Nilikuwa sekondari Dani alipougua. Tulikwenda kumwona nyumbani kwake. Alikuwa mwepesi kitandani, sauti imebaki kidogo, na hakuniuliza habari ya shule wala ya mtihani.

"Mgeni mwenzangu?"

"Yupo, Dani. Amekuwa mrefu kama mkono wa Mwalimu. Tangi linamtosha kwa shida."

Alifurahi. Alifumba macho, nikadhani amelala. "Mwambie mimi nimetangulia nyumbani," akasema. "Yeye kwao ni mbali."

Baada ya kumzika, niliporudi Turbo nilikwenda moja kwa moja kwenye shule yangu ya zamani, na sare ya shule nyingine, nikasimama mbele ya kioo nikampa Mabati salamu zake neno kwa neno. Nililia hapo bila kujificha. Mabati alikuwa akilamba kioo, hakuacha. Mtoto mmoja wa darasa la tano alimwuliza Mwalimu Wafula yule dada anaongea na nani, na Mwalimu akamjibu kwamba yule dada ana ruhusa, na nikajikuta nacheka na kamasi puani.

Ndiyo maana juzi nilipita mjini Eldoret kwa kijana mmoja anayeuza samaki wa kufuga, nikamnunua mdogo wa jamii ile ile, mwenye mabati yake kamili, pamoja na tangi la kioo. Baraka alimtazama kwa dakika moja nzima. "Hafanyi kitu," akasema, akarudi kwenye simu. Sikumlaumu. Sisi tulikuwa na samaki mmoja kwa darasa zima, kwa nyumba nzima, na hata kwa lori la kutoka Kisumu. Wao kila mmoja ana wake, peke yake, chini ya kidole. Samaki wao hafi, na hakuna anayemtumia salamu. Nilimsimulia Baraka habari zote za Mabati akiwa na vidude masikioni, nikajiambia nimeongea na ukuta.

Jumamosi Mama akaja kutoka ziwani, alikorudi kuishi uzeeni, kwa ajili ya kliniki yake. Nywele zimekuwa nyeupe, na siku hizi Dani ni yeye. Aliweka mfuko chini, akaona kioo, akakisogelea. Aliinama, akatazama. Kisha, taratibu, akaanza kukunja mikono ya sweta yake, mmoja, halafu wa pili, akimtazama Baraka kwa pembe ya jicho.

"Huyu," akauliza, "ni mboga ama ni mgeni?"

Baraka alichomoa kidude kimoja sikioni. Aliweka simu kifudifudi kwenye kochi, na akaja kusimama kati ya nyanya yake na kioo.

"Ni mgeni, Dani," akasema. "Ametoka mbali."

Mama akashusha mikono ya sweta.